Anayekunywa Kwanza

Kule kwetu Mbozi, chungu cha pombe ya ulezi hakinywewi mpaka aliyekipika ameonja mbele ya watu. Si adabu tu, kama kumpa mgeni kiti. Mpishi huchukua mrija, huinama, huvuta, na wote walioketi humtazama koo. Wanataka kuona kitu kimeshuka. Akimaliza huufuta mrija kwa kiganja, humpa mtu wa damu yake, naye huvuta, naye hutazamwa koo. Baada ya hapo maji ya moto huongezwa, soga huanza, na hakuna anayekumbuka kwamba punde tu alikuwa akichungulia shingo za wenzake. Nimekua nikiona hivyo na sikuwahi kuuliza kwa nini, maana sababu ilikuwa wazi hata kwa mtoto. Kinywaji ndiyo njia rahisi ya kumuua mtu, na anayekupa lazima akuonyeshe kwamba ameanza yeye.

Mwaka jana, msimu wa kuchuma kahawa, wa pili kunywa nilikuwa mimi. Sikunywa.

Aliyepika chungu kile ni mama mdogo, kitinda mimba kwao na mama yangu. Mama alipofariki mimi nilikuwa bado wa kubebwa, na aliyenibeba ni yeye, akiwa binti ambaye hajaolewa. Mgongo wenye mtoto huwatia wachumba mashaka, na wapo waliogeuzia njiani kwa sababu yangu. Baadaye alipata mume, akaishi naye, akamzika, na hakujaliwa kuzaa. Sasa yuko peke yake kwenye shamba la kahawa si mbali na Vwawa.

Pombe yake haiuzwi. Hupika kwa ajili ya ujima tu. Kahawa ikiiva majirani huja kumchumia tangu asubuhi, na jua likipinda wanakizunguka chungu. Siku nyingine chungu kiko kwa jirani, naye huenda kuchuma huko. Ndivyo mjane asiye na mtoto nyumbani alivyovuna miaka yote bila kumbembeleza mtu. Siku chungu chake kitakapokataliwa, atabaki na mikono yake miwili tu na shamba zima. Nililijua hilo vizuri. Mtu wa damu yake ni mimi pekee, kwa hiyo kila msimu nilipanda kutoka Tunduma kwenda kunywa wa pili.

Tunduma naishi kwa mdomo wangu. Malori ya kwenda Kongo yanapojipanga kusubiri kuvuka, kuna karatasi za Kifaransa ambazo wakala hazielewi, na kuna madereva wa mbali huko ambao Kiswahili chao kinaishia kwenye salamu. Hapo ndipo naitwa. Kifaransa sikukisomea Ufaransa wala Kinshasa. Nilikisomea palepale barabarani, juu ya msingi wa Kilatini nilichopata seminari. Seminari nilitoka kabla ya kufika mbali, na sababu iliyonitoa ni ileile iliyonipeleka zahanati ya Nakonde miaka mingi baadaye. Sijifichi sana ninaposema hivyo. Waliosoma na mimi watacheka tu.

Mwalimu wetu wa Kilatini alikuwa padre mzee, mzaliwa wa milima hiyohiyo ya kahawa. Siku moja aliingia darasani na glasi ya maji. Akaiinua, akasema, “Potio.” Akanywa funda moja mbele yetu, taratibu, kisha akampa mwanafunzi wa dawati la mbele naye anywe, na glasi ikazunguka mpaka ikaisha. “Potio, potionis. Kinywaji. Kitu ambacho mtu amekunywa.” Wenzangu waliona ni namna ya kufundishia. Mimi nilitabasamu, kwa kuwa nilimjua ni wa kwetu. Asingeweza kumpa mtu glasi bila kuanza yeye, hata kama ni ya Kilatini.

Basi, wiki ile ya kuchuma nilikuwa nimevuka mpaka kwenda Nakonde kutibiwa. Kutoka kwangu hadi Zambia ni mwendo wa kwenda kununua sukari, na faida ya Zambia ni kwamba huko mimi si baba wa mtu yeyote. Tunduma ningeingia zahanati yoyote, habari ingefika nyumbani kabla yangu. Ugonjwa wenyewe ni kisonono. Nilikipata nyumba ya wageni, siyo kwenye choo cha stendi kama wanaume tunavyopenda kueleza.

Muuguzi wa Nakonde alikuwa mama mmoja mnene, mpole, asiyeshangaa kitu. Alinihesabia vidonge, akavitia kwenye kifuko cha plastiki, akanitazama juu ya miwani. “Batata, ubwalwa awe,” akasema. Baba, pombe hapana. Akanieleza kwamba vidonge vile vikikutana na pombe tumboni mtu hutapika mpaka aombe kufa. Kisha akasema na jambo la pili. Nililiitikia, “Eya, mama,” kama mtoto aliyetumwa dukani, na nilipofika upande wetu wa mpaka nilikuwa nimeshaamua kulisahau. Nitalisema mahali pake.

Siku ya kuchuma nilifika kwa mama mdogo na kile kifuko kwenye mfuko wa shati. Nilichuma na wenzangu, nikatoa jasho, nikavua shati nikalitundika kwenye msumari wa jikoni. Njia nzima nilikuwa nimejiambia nitatafuta namna. Labda atanipa mrija na mimi nitaugusa tu kwa midomo. Lakini nani anadanganya watu wa kwetu kwa midomo? Hawatazami midomo.

Jua lilipopinda tukakaa. Mama mdogo akaleta chungu, akamimina maji ya moto, akapiga goti upande mmoja kama kawaida yake. Akavuta. Koo likapanda, likashuka. Akaufuta mrija kwa kiganja, akaninyooshea huku akitabasamu, maana mimi ni fahari yake, na siku ile ndiyo siku pekee katika mwaka anaponionyesha kwa watu.

“Haya baba, wape ruhusa wenzako.”

Nikasema, “Mama, leo niache. Tumbo linanisumbua.”

Nikisimulia hili kwa mtu wa Dar es Salaam huwa haoni ubaya. Atasema, si uongo mdogo tu? Ndugu yangu, katika maneno yote ya Kiswahili, pamoja na yale ya Kinyiha niliyonyonya mgongoni kwa mama huyo, hakuna neno baya kuliko hilo mbele ya chungu. Mtu wa damu ya mpishi, aliyekula nyumbani mwake tangu asubuhi, anaukataa mrija na kushika tumbo. Ningesema kichwa. Ningesema jino. Ningesema nimeweka nadhiri. Hata kusema nipo kwenye dozi kungekuwa afadhali, ila hilo ndilo nililolikimbia. Mwanamume wa Tunduma aliye kwenye dozi inayokataza pombe, wachuma kahawa wanaijua dozi yake kabla hajafunga mdomo. Nikachagua tumbo.

Mama mdogo hakuondoa tabasamu mara moja. Alibaki ameunyoosha mrija, akanitazama machoni, kisha akatazama mahali nilipotundika shati, kisha akatazama chini. “Pole, mwanangu,” akasema. Akauchomeka mrija chunguni mwenyewe.

Mzee mmoja jirani, rafiki wa marehemu mume wake, akakohoa. Akasema amekumbuka ng’ombe wake hajamhamisha. Mwingine akasema mvua ile inakuja, na mbingu ilikuwa nyeupe, bila wingu. Wanawake wakafunga vitenge upya. Hakuna aliyesema neno baya. Sisi watu wa Mbozi hatugombani mbele ya chungu. Waliaga kwa heshima zote, wakashukuru kwa kazi, kana kwamba ni wao waliochumiwa. Chungu kikabaki kimejaa, na mama mdogo akakifunika kwa ungo. Nikapanda gari la Tunduma jioni ileile. Alinifungia mahindi mabichi na akanisindikiza mpaka barabarani, na njiani tuliongea habari za mbolea.

Ningeweza kurudi kesho yake. Nilikuwa na nafasi ya kurudi siku yoyote, vidonge vikiisha, nikae na wale watu, nivute mrija mpaka nilewe. Sikurudi. Nilijiambia watu watasahau. Nilijua si kweli, lakini uongo mtu anaojiambia mwenyewe hauna wa kuupinga.

Habari nilizipata kwa mke wangu. Kulikuwa na msiba kule, akaenda yeye kwa niaba yetu, mimi nikasingizia foleni ya malori. Aliporudi alikaa kitandani bila kuvua kanga ya msibani.

“Mama mdogo wanamwambia apumzike,” akasema.

“Si vizuri? Amezeeka.”

“Baba watoto, usijifanye mjinga. Akishika kisu cha kukata mboga, wanamwambia pumzika mama. Akisogea kwenye sufuria, pumzika mama. Wamemletea kiti, wamemkalisha peke yake kama mgeni wa serikali. Hajaosha hata kikombe.” Akaifungua kanga. “Na kahawa yake imekauka mtini. Anachuma peke yake. Wanasema mtoto wake mwenyewe aliikataa pombe yake akishika tumbo. Kwa nini hukunywa?”

“Tumbo lilikuwa linauma kweli,” nikasema.

Akaniamini. Hiyo ndiyo sehemu inayonichoma. Akaweka kiganja chini ya kitovu chake na kusema, “Sasa huenda umeniambukiza, maana na mimi hapa chini pananiuma siku hizi.” Akacheka kidogo. Nilikwenda sokoni nikamletea tangawizi. Nilimchemshia mwenyewe, nikampelekea kitandani, na alikunywa yote akasema mume wake ana huruma.

Nilijua. Sitasema sikujua. Kuna kujua kunakokaa mlangoni na kubisha hodi, na wewe unaongeza sauti ya redio.

Katika siku hizo niliitwa kwa dereva mmoja aliyetoka mbali, Kasai, aliyekwama kwa sababu ya karatasi za mzigo wake. Alibeba dawa za kuulia wadudu wa shambani. Kila katoni ilikuwa na fuvu la kichwa na neno la Kifaransa, poison. Sumu. Tulisubiri wakala muda mrefu, jua kali, nikamletea soda kutoka kibandani. Kijana wa duka alikuwa ameshaifungua. Dereva akaishika, akaitazama, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa.

“Usikasirike, mzee,” akasema. “Mke wangu ameniapisha. Kitu nisichokiona kikifunguliwa, sinywi.”

Nikainywa mimi, nikamnunulia nyingine, ikafunguliwa mbele yake. Tukacheka. Lakini nilipoegemea lile lori, macho yakiwa kwenye neno poison, glasi ya padre ikanirudia, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni neno lilelile. Potio. Waliosoma zaidi yangu wanalijua hilo tangu zamani. Mimi nilikuwa nimetafsiri poison kwa miaka, kwenye katoni na kwenye magunia, bila kulitambua.

Nilipofika nyumbani nilitoa kamusi zangu za seminari zilizoliwa na mchwa pembeni. Neno la Kirumi lilikuwa safi mwanzoni, au karibu safi. Lilikuwa kinywaji, kisha kinywaji anachokupa mganga, kisha kinywaji ambacho huna hakika nacho. Wafaransa walilirithi kwa mababu, kinywa kwa kinywa, nyumba kwa nyumba, na huko majumbani likageuka sumu. Wahispania wana ponzoña, Wareno wana peçonha, ukoo huohuo, na zote mbili zinaua. Baadaye wasomi wakarudi kwenye vitabu vya Kilatini, wakalichukua tena bila kuliharibu. Ndiyo maana Mfaransa ana potion pia, Mwitaliano ana pozione, na hizo mtu anaweza kupewa akapona.

Nilikaa na hilo muda mrefu. Neno lililolala kitabuni halikupatwa na kitu. Lililoharibika ni lile lililoishi na watu, lile ambalo mke alimtilia mume na mume akamtilia mke. Sina ujuzi wa kusema ni kwa nini. Ila mimi naona watu wale hawakuwa na haja ya kubadilisha kilichomo kikombeni. Maji yanaweza kubaki maji. Ikiingia shaka juu ya mkono unaokupa, umeshapewa sumu.

Mke wangu alikuwa upande wa pili wa ukuta, anajikanda tumbo kwa chupa ya maji ya moto.

Nikaamua kwenda kwa mama mdogo. Angalia ujanja wa moyo: badala ya kuanza na aliye nyumbani, nikapanda gari kwenda kwa aliye mbali. Nilinunua ulezi mzuri, mwekundu, nikaubeba mabegani kutoka barabarani. Mpango wangu ulikuwa kamili. Atapika, nitawaita majirani wote, nitakunywa wa pili mbele yao, mambo yaishe. Nilijiona kama mtu mwema.

Nilimkuta anaanika buni kwenye chekeche, chache tu, na nyingi kati yake nyeusi, zilizokaukia mtini. Amepungua. Alifurahi kuniona, na furaha yake iliniuma kuliko kama angenitukana. Nikautua ulezi, nikamweleza mpango. Akanisikiliza mpaka mwisho, huku akitoa buni mbaya kwenye chekeche na kuzitupa.

“Utasema nini wakikuuliza siku ile ulikuwa na nini?” akauliza.

“Nitasema tumbo lilipona.”

Akacheka bila sauti. “Mwanangu, nilivijua.”

“Ulivijua nini?”

“Vidonge. Ulitundika shati, kifuko kikachungulia. Vilevile, rangi ileile. Baba yako mdogo alivileta humu ndani alipokuwa anaendesha biashara ya chumvi ya Ivuna. Alikaa pale kwenye kinu akalia kama mtoto. Tukameza wote wawili. Ladha yake ni kama umelamba msumari, siisahau.”

Nikashindwa kukaa, nikashindwa kusimama. “Mama, ulijua, na ukanyamaza? Wamekuita mchawi. Ungesema tu.”

“Niseme nini mbele za watu? Kwamba mtoto wangu ana ugonjwa wa malaya?” Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayeeleza kwa nini hakuuza mbuzi. “Jina langu mimi ni la kuzikwa nalo tu. Wewe una watoto.”

Nililia. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya chekeche la buni. Aliniacha nilie. Halafu akauliza swali lile ambalo muuguzi wa Nakonde alikuwa ameshalijibu kabla sijaondoka dirishani pake. Jambo la pili ndilo hilo: mama wa nyumbani kwako naye ameze, maana ukipona peke yako hujapona.

“Mkeo umempa?”

Nikainama, nikaanza kuokota buni alizozitupa.

“Mficha maradhi, kifo humuumbua,” akasema. “Na hayo si maradhi yako peke yako. Ulezi wako uache hapo. Nenda nyumbani. Usinisafishe mimi kwanza.”

Nikapitiliza hadi Nakonde, nikapewa vidonge vingine, nikarudi. Nilimkuta mke wangu mezani, anachambua mchele. Niliweka glasi ya maji, nikaweka vidonge, nikamwambia. Sikuficha nyumba ya wageni. Sikuficha tumbo la uongo, wala tangawizi. Nilipofika kwenye tangawizi ndipo aliacha kuchambua.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alitazama ile glasi kwa muda. Nikadhani anaogopa, nikafanya jambo ambalo hata sikulipanga. Niliiinua nikanywa funda moja, aone koo langu, nikairudisha mbele yake.

“Siwezi,” akasema. “Siwezi kumeza kitu kilichotoka mkononi mwako.”

Asubuhi alivaa gauni lake la misa, akatoka. Hakuvuka mpaka kwenda kujificha. Alipita barabara kuu ya Tunduma mchana kweupe, akisalimia watu, akaingia zahanati ya karibu na kwetu ambayo kila muuguzi anamjua kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, akaeleza shida yake. Walimtibu. Maumivu yalichukua muda kuisha. Kama yameacha kitu ndani, hawakuweza kumhakikishia.

Mwaka huu kahawa ilipoiva, mke wangu akaniambia tunapanda wote. Mama mdogo alikuwa ameupika ulezi ule. Majirani walikuja wachache, kwa kuitwa na mke wangu nyumba kwa nyumba, na nadhani walikuja kwa kutaka kuona. Tulichuma kimya. Jua lilipopinda mama mdogo akapiga goti, akavuta, akaufuta mrija. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na birika la maji ya moto. Akanitazama. Kabla sijasogea, mke wangu akanyoosha mkono akauchukua.

Akavuta, akavuta tena. Koo lilipanda na kushuka, kila mtu aliona. Akasimama.

“Mimi si wa damu yake,” akasema. “Wa damu yake ni huyu mwenye birika. Mwaka jana hakuwa na tumbo. Alikuwa kwenye dozi. Dozi gani, pigeni hesabu wenyewe. Mama huyu alijua, akakubali kuitwa mchawi ili mwanawe asichekwe. Sasa mcheke.”

Wakacheka. Yule mzee mwenye ng’ombe alicheka mpaka akashika mti. Wanawake walijifunika nyuso kwa vitenge. Mtu akasema, “Eee, Tunduma!” na kicheko kikaanza upya. Kisha wakavutana kuja karibu na chungu, mmoja mmoja, nami nikaongeza maji ya moto kila nilipoambiwa, mpaka birika likaisha. Mama mdogo hakucheka. Alinisogelea akanipokea birika, akasema kwa sauti ndogo, “Pole, baba.” Kabla ya jua kuzama wanawake walikuwa wanamtuma huku na huku: lete maji, lete kuni, mama, mbona umekaa? Kule sasa naitwa Bwana Tumbo, na naitika.

Kahawa ya mama mdogo imechumwa yote. Ndiyo hadithi ninayopenda kuwasimulia watu, na huwa naiishia hapo.

Nyumbani mke wangu hajaniacha. Tunaongea vizuri, tunakwenda misa pamoja, ananikumbusha sweta asubuhi za baridi. Mimi ndiye ninayeamka mapema, kwa hiyo chai naichemsha mimi. Namimina vikombe viwili, chake naongeza maziwa kama anavyopenda, nakiweka mbele yake. Hushukuru. Hukishika kwa viganja viwili apate joto, hunitazama, na husubiri. Nikishameza funda la kwanza kutoka kikombe chake, naye hunywa.